Somoe Anatafuta Injini

Habari zilienea Makambako kwamba Somoe binti Miraji anatafuta injini. Aliyezianzisha hajulikani, lakini zilipofika kwenye duka la spea la Fahadi, baba yake mdogo, zilikuwa zimeshanenepa: Somoe kapata mtaji, anafufua lori la marehemu baba yake, anataka injini ya dizeli iliyo nzima. Fahadi hakungoja kuulizwa. Alifunga duka mchana kweupe, akaenda mpaka kwenye darasa la kompyuta ambako Somoe alikuwa mwalimu, akasimama mlangoni huku wanafunzi wakimkodolea macho.

"Shikamoo, baba mdogo," Somoe alisema, akainuka.

"Marahaba. Mimi kazi yangu kuuza injini, na mtoto wa kaka yangu anatafuta injini, halafu naambiwa na wapiga debe wa stendi? Nimekukosea nini?"

Somoe alichelewa kuelewa. Alipoelewa alicheka mpaka akashika meza, na Fahadi, ambaye hakuwa amemsikia akicheka hivyo kwa muda mrefu, akalainika kidogo.

"Si ya lori, baba mdogo. Ni ya gemu."

"Ya nini?"

Akamweleza. Ule mchezo wa kwenye kompyuta una kitu ndani yake kinachouendesha: kinachochora picha, kinachojua umebonyeza kitufe gani, kinachosema huu ni ukuta usipite. Wenye kazi hiyo wanakiita injini. Unaweza kuiandika mwenyewe toka mwanzo, au ukachukua iliyotengenezwa na wengine ukajenga gemu lako juu yake. Zipo za namna nyingi, na yeye alikuwa hajui ashike ipi.

Fahadi alisikiliza kwa makini ya mtu anayeliheshimu neno injini popote atakapolikuta. "Chukua kubwa," alisema mwishowe. "Usijibane. Kubwa haikuachi njiani." Akarudi kufungua duka.

Hiyo ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili, wakati kompyuta za mitumba zilipokuwa zikiteremshwa kwa makontena na kila mji wenye umeme ukijipatia darasa la kompyuta na intaneti kafe. Makambako, palipo njia panda, malori hayalali, na kila kipya kilishukia hapo kabla ya kupanda Njombe. Miraji, baba yake Somoe, naye alishukia hapo. Alitoka Kilwa akiwa utingo, akawa dereva wa shirika, na biashara zilipofunguliwa kwa watu binafsi akapata lori lake mwenyewe. Akajenga nyumba Kitandililo, nje ya mji, akasomesha, akaugua. Ugonjwa ulianzia miguuni, na dereva asiye na miguu akabaki kukaa nyumbani akisikiliza malori ya wenzake yakibadili gia barabarani.

Somoe alianza kutengeneza gemu lake la kwanza wakati huo. Alikuwa na kompyuta moja kuukuu, na hakuna aliyemfundisha kutengeneza gemu. Aliandika kila kitu mwenyewe, injini na yote, mstari kwa mstari, huku baba yake amekaa kwenye mkeka kando yake, ameegemea ukuta. Gemu lilikuwa la lori linalotoka Tunduma kwenda Dar es Salaam. Miraji ndiye aliyemwambia kona zilipo, wapi ng'ombe huvuka, mteremko wa Kitonga unashukwa na gia gani. Na kwa kuwa hawakuwa na mahali pa kupata sauti za lori, Miraji alizitoa kwa kinywa chake: muungurumo, breki za upepo, honi. Somoe alizirekodi kwa kipaza sauti kidogo cha kubandika shatini. Gemu hilo lilisafiri kwa flopi toka mkono hata mkono, likachezwa kwenye kafe na kwenye ofisi ambako watu walitakiwa wawe wanafanya kazi. Miraji aliwahi kuliona limekamilika. Hakukaa sana baada ya hapo.

Tangu mazishi, Somoe hakuandika programu nyingine. Alifundisha watu kuchapa barua, akarudi nyumbani, akapika, akalala.

Kilichomwamsha kilikuwa hadithi aliyoisikia Njombe mjini. Alikuwa na rafiki huko, Enoki, waliyesoma naye kozi moja, Mbena wa familia ya Kilutheri, mtu mpole anayesema ukweli hata pale ambapo hajaombwa. Enoki alifungua intaneti kafe mtaa wa Ramadhani, na mama yake, Esnath, alikaa chumba cha nyuma akimenya viazi na kuota moto wa mkaa. Somoe alikwenda kumsaidia Enoki kufufua kompyuta zilizogoma, akamaliza, akaketi na mama kusubiri basi.

Esnath si mzaliwa wa Njombe. Ni Mpangwa wa Mawengi, aliyeolewa huku. Alikuwa akimsimulia tu kupitisha muda: akiwa msichana mdogo alitumwa ampelekee kuku shangazi yake aliyejifungua, kijiji cha pili, ng'ambo ya mlima. Ukungu ukamkuta katikati. Hakuona mbele, hakuona nyuma, akajitazama miguu akaona imekatika kwenye magoti. Alimshika kuku kifuani, kwa sababu kuku ndiye kiumbe pekee ambaye yeye alikuwa na uhakika kwamba yupo.

"Ukafanyaje, mama?"

"Nilitembea. Ningefanyaje?" Esnath alisema, akatupa ganda.

Kwenye basi la kurudi Makambako, Somoe aliegemea kioo, akauona mlima wote. Msichana, kuku, njia inayojitokeza hatua chache tu mbele. Mchezaji angekuwa anasikiliza kuku: akilia, umekaribia ukingo. Alifika Kitandililo kichwa kinamchemka, na alipokuwa akifungua mlango ndipo alipotambua kwamba anataka kitu. Alisimama pale na ufunguo mkononi, karibu aone aibu.

Ndipo likaja suala la injini.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni ile yake ya zamani, ya gemu la lori. Aliijua kama anavyoijua nyumba yao. Lakini ilitengenezwa kwa ajili ya barabara: lori linakwenda mbele, linakwepa kushoto na kulia. Haikuwa na mlima, haikuwa na ukungu, na kuviongeza kungekuwa sawa na kuibomoa. Ya pili ilikuwa kwenye CD aliyopewa na Enoki. Ilikuwa rahisi, ya kutazama uwanja kutoka juu. Unaburuta picha kwa kipanya, unaipanga, unaiambia ifanye nini, mambo yanakwenda. Somoe aliifungua, akaitazama kidogo, akaifunga. Aliona ni ya watoto, na kutumia kitu cha namna hiyo kulimfanya ajisikie kama aliyevaa nguo ya kuazima kwenye harusi yake mwenyewe. Ya tatu ilikuwa kubwa, ya thrii-dii, ile ambayo mlima unauzunguka kama vile uko mbele yako, na ukungu wake ulikuwa unatembea. Alipouona ukungu ule kwenye mfano uliokuja na injini, aliweka mkono mdomoni.

Akakumbuka maneno ya Fahadi, akachukua kubwa.

Kompyuta yake haikuweza hata kuifungua. Alikwenda kwa binamu yake Luqmani, aliyekuwa na ofisi ya usafirishaji karibu na stesheni ya reli na kompyuta mpya ambayo yeye mwenyewe aliitumia kuchapia hati za mizigo. Luqmani akamruhusu atumie jioni, baada ya kazi. Baridi ya Juni ikaingia, upepo wa Makambako ukapiga mabati, naye akawa anakaa pale na koti na kitenge juu ya koti, anajifunza injini ambayo kila kitu chake kilikuwa kigumu kuliko alivyotarajia. Wiki nzima ilimwishia kwenye kuku tu. Kuku alikataa kukaa mkononi. Alielea pembeni, au alizama kifuani mwa msichana akatokezea mgongoni. Lakini mlima ulikuwa mlima, na ukungu ulikuwa ukungu. Baridi ilipoanza kulegea alikuwa na kipande kimoja cha njia, kizuri kiasi kwamba Luqmani aliita watu wa ofisi za jirani waje kukitazama.

Alikipeleka Njombe akiwa amevaa gauni zuri.

Enoki alikiweka kwenye kompyuta yake bora. Wateja waliokuwa wakisubiri zamu walisogea. Kioo kikawa cheusi, kikakaa hivyo. Kisha mlima ukatokea kwa vipande, kama picha iliyochanwa, na katikati yake msichana akainua mguu mmoja, akaganda na mguu hewani. Muda mrefu ukapita. Akaushusha.

"Imekufa?" aliuliza mteja mmoja, bila ubaya wowote.

Walijaribu kompyuta ya pili. Hiyo haikutoa hata mlima. Wateja wakarudi kwenye viti vyao, wengine wakamtazama Somoe kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomuuma.

Walikwenda chumba cha nyuma. Esnath alikuwa palepale na beseni lake.

"Kompyuta kama ya Luqmani, Njombe nzima huenda ziko chache mno," Enoki alisema. "Nani atakayelicheza?"

"Najua."

"Ile ya kwenye CD inakubali kwenye mashine zangu zote. Nimeijaribu."

"Ile ya kuburuta picha? Siitaki. Nitarudi kwenye ya kwangu."

"Ya kwako haina mlima, Somoe."

"Nitaitia."

"Utatumia miaka mingine. Kwa nini? Ile ilikuwa injini ya lori. Ilifanya kazi yake, ikaisha. Unaing'ang'ania kana kwamba…"

"Baba alikaa pembeni yangu nilipoiandika!"

Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Kule mbele wateja waliacha kuchapa. Enoki alisoma naye, alifanya kazi naye, na hakuwahi kuambiwa hilo.

"Sikujua," alisema. "Nisamehe."

Somoe alichukua kiazi kwenye beseni, akaanza kukimenya.

Esnath alifuta mikono kwenye kitenge. "Mimi hilo gemu la lori kila mtu analisema," aliwaambia, "lakini hakuna aliyewahi kunionyesha. Huyu mwanangu anadhani mzee hawezi kubonyeza. Hebu niwekeeni."

Haikuwa siku ambayo Somoe angetaka kuliona gemu lile. Lakini mama ameomba. Enoki aliwasha kompyuta ndogo ya chumba cha nyuma, akamwekea mama yake kiti, akamwonyesha vitufe. Lori likawaka.

Muungurumo ule ukajaa chumba. Ulikuwa wa kinywa cha mtu, hakuna aliyeweza kudanganyika, na Somoe alikuwa hajausikia tangu msiba. Esnath aliendesha, akagonga jiwe, akacheka, akaanza tena. Akapiga honi. Akapiga tena. Kisha akaacha kila kitu akainamisha sikio.

"Nani huyu anayenguruma?"

"Ni baba."

"Amefurahi sana huyu." Akabonyeza honi mara nyingine. "Sikia. Kabla ya honi anacheka. Kicheko kinaanza, anakimeza, halafu ndiyo anapiga."

Somoe alisogea. Sauti hiyo ilipita masikioni mwake mara zisizo na idadi wakati akilitengeneza gemu, naye alikuwa akisikiliza kama fundi: imekatika vizuri, haijakatika vizuri. Esnath akabonyeza tena. Na kweli, mwanzoni kabisa, kifupi kama pumzi, Miraji alikuwa anacheka. Alikuwa mtu mzima, dereva wa malori makubwa, ameketi kwenye mkeka anajifanya honi, na jambo hilo lilikuwa limemchekesha.

Somoe alikaa chini sakafuni, pale karibu na beseni la viazi, akalia. Enoki alitoka kwenda kuwaangalia wateja wake. Esnath hakumwambia nyamaza. Aliendelea kuendesha lori taratibu, akaliacha lingurume.

Alipokuwa kwenye basi jioni hiyo, Somoe hakuwaza injini. Alimwaza baba yake kwenye mkeka. Kwa muda wote huo alikuwa na hofu ambayo hakuwahi kuiwekea maneno, kwamba akiacha kuijenga ile injini, basi kitu walichokianza pamoja kitakuwa kimekatwa katikati. Lakini hakikuwa kimekatwa. Lori lilikuwa limefika Dar es Salaam zamani, honi imepigwa, kicheko kimo humo. Hakukuwa na pa kuongeza. Aliona pia, bila kufurahia, kwamba ile injini kubwa ya thrii-dii aliipenda kwa sababu ya macho ya watu wa ofisi za jirani.

Keshoye alifungua CD ya Enoki.

Hakuipenda mara moja. Ilimnyima mambo. Hakukuwa na mlima wa kuuzunguka; kila kitu kilionekana kutoka juu, visanduku vidogo vya rangi, na msichana akawa kichwa cha nywele na mabega mawili. Kuku akawa alama nyeupe. Somoe aligombana nayo, akaitukana kwa Kimwera alichojifunza kwa bibi yake. Lakini wiki haikuisha kabla hajawa na njia nzima toka Mawengi mpaka kwa shangazi, na ukungu, na kuku anayelia kwenye ukingo. Alishangaa akaona hata haya kushangaa. Alirudi Njombe, safari hii kwa nguo za kazi.

"Kamwene, mama," alimsalimu Esnath kwa salamu ya kwao, na Esnath akacheka kwa matamshi yake, kisha akaketi kwenye kompyuta.

Alimtembeza msichana hatua chache, akasimama.

"Huu ukungu si wenyewe."

"Una kasoro gani, mama?"

"Unashuka toka juu. Wa kwetu hautoki juu. Unapanda kutoka bondeni, pole pole, unakufuata. Unaanza kukukamata miguu."

Kwenye injini yake ya zamani, hilo lingekuwa jambo la mwezi mzima. Kwenye ile kubwa, alikuwa hajui hata angeanzia wapi. Somoe aliomba nafasi kidogo, akainamia kibodi, akabadili mahali ukungu unapozaliwa na upande unakokwenda. Chai ya Esnath haikuwa imepoa.

"Hebu sasa."

Esnath akacheza. Ukungu ukaanza chini ya kioo, ukapanda, ukamfikia msichana miguuni. Mama alishusha mabega. "Eeh," alisema polepole. "Ndio huo." Na kwa kuwa ulikuwa ndio huo, akaanza kusema mambo ambayo hakuyasema siku ile ya maganda ya viazi. Kwamba hapo palikuwa na kijito, alikisikia bila kukiona. Somoe akaweka kijito. Kwamba aliita jina la mama yake, na mlima ukamrudishia. Na kwamba kwa shangazi hakufika siku hiyo.

"Hukufika?"

"Kulikuwa na nyumba. Sijui ya nani. Niliona mwanga wa moto nikaufuata. Walikuwa mzee na mkewe. Hawakuniuliza mimi mtoto wa nani. Walinipa kiazi cha moto, wakamfunga kuku mguuni mwa kinu, nikalala. Asubuhi kumekucha kweupe wakanionyesha njia. Nilipokuwa mkubwa nilirudi kuwatafuta niwashukuru. Sikuiona tena ile nyumba. Nilizunguka na kuzunguka."

Enoki alikuwa amesimama mlangoni. "Mama, hilo hujawahi kuniambia."

"Hujawahi kuniuliza kuhusu ukungu," mama yake alimjibu.

Somoe hakuitengeneza nyumba siku hiyo. Hilo alitaka kulifanya peke yake. Alirudi Makambako, akalikamilisha gemu mvua zilipokuwa zimeshika, na aliporudi Njombe barabara ilikuwa tope na basi lilichelewa. Enoki alikuwa ameliweka kwenye mashine zote za mbele, na zote zililikubali. Watu walilicheza. Wapo waliolalamika kwamba halina risasi. Wapo waliorudi kesho yake kwa ajili ya kuku.

Esnath alicheza la kwake kule nyuma, na Somoe alisimama mgongoni pake. Mama alitoka Mawengi, ukungu ukamshika, akasikiliza kuku, akakosea, akarudi, akavuka kijito. Kisha pembeni ya kioo kikatokea kidoa cha rangi ya moto. Akakiendea. Nyumba ikajitokeza kwenye ukungu, ndogo, mlango wazi, na ndani wawili wamekaa.

Akamwingiza msichana ndani. Akamketisha karibu na moto.

Somoe alingoja. Gemu lilikuwa bado lina sehemu nyingine: asubuhi, njia nyeupe, shangazi na mtoto mchanga. Aliinama, akanyoosha mkono amwonyeshe kitufe cha kuendelea.

"Usiguse," Esnath alisema. Mikono yake ilikuwa imetulia mapajani. "Niache nikae nao kidogo."